Prado ya mjini, Krismasi Njombe: nifunge matairi gani?

*"Habari za kazi. Nina Toyota Prado ya mwaka 2006, niliiagiza Japani mwaka jana. Kazi zake ni za hapa Dar: nyumbani Goba, ofisini Posta, mara mojamoja Bagamoyo. Krismasi na Pasaka tunakwenda kijijini Njombe na familia, watu saba na mizigo. Ukishaacha lami kuna kama kilomita 20 za udongo mwekundu, na Krismasi iliyopita tulikwama hadi vijana wa kijiji wakaja kutusukuma. Fundi wangu anasema nifunge MT (matairi ya tope) zenye kashata kubwa, yaani vinundu vya raba vinavyokanyaga chini, tena nipande saizi kutoka 265/65R17 niliyonayo hadi 285/70R17. Shemeji anasema nitajuta kwa mafuta na kelele. Rafiki mwingine anasema ninunue mawili mapya niweke mbele, kwa kuwa ya nyuma bado yana kashata. Nishike ushauri wa nani?"*

Ndugu yangu, pole kwa Krismasi ile. Kukaa kwenye tope na watoto, giza linaingia na mizigo imejaa, ni jambo linalomfanya mtu aseme "safari ijayo siji hivi tena". Ndiyo maana MT za fundi wako zimekuvutia. Lakini jibu langu ni hili: usifunge MT, usipande saizi, na usinunue mawili. Nunua manne yanayofanana, saizi ileile ya 265/65R17, ya aina ya AT (ya njia za kila aina) yenye kashata zilizobanana. Fedha utakayookoa nunua minyororo ya matairi, pampu ndogo ya upepo na sepetu. Sasa nikueleze kwa nini, maana ushauri usio na sababu utaupoteza mara tu fundi mwingine atakapokuambia tofauti.

Anza na hesabu ya njia. Dar hadi Njombe ni takriban kilomita 700 za lami. Kwenda na kurudi ni 1,400, dhidi ya 40 za udongo, na hapo sijaweka Goba na Posta za mwaka mzima. Tairi lako litaishi maisha yake karibu yote kwenye lami. Tena Krismasi ni msimu wa mvua Njombe na Pasaka ni masika huku chini, kwa hiyo ni lami yenye maji. Tope la kijijini litakuchelewesha na kukuchafua. Lami yenye maji, na gari la watu saba linalokwenda kilomita 100 kwa saa, ndiyo inayoua. Mtu humwogopa zaidi adui aliyemwona, na wewe umeliona tope. Mimi nataka uchague tairi kwa ajili ya yule hujamwona.

Tazama kinachotokea pale tairi linapogusa ardhi. Prado yako ikiwa na watu saba na mizigo inakaribia tani mbili na nusu hadi tatu. Chukua kilo 700 kwa kila tairi. Ukiwa na upepo wa psi 30, ambao ni kama kilo mbili kwa kila sentimita ya mraba, eneo linalokanyaga chini ni sentimita za mraba 300 na kitu tu kwa kila tairi. Breki zako zote, kona zako zote, maisha ya familia yako yote yamekaa hapo. Tairi la MT huliacha eneo kubwa la hapo kuwa mapengo kati ya kashata na kashata. Kwenye tope mapengo hayo ni mazuri: kashata huzama, zikapata pa kushika, na gurudumu linapozunguka kwa kasi hulirusha tope nje ili kashata zirudi kuuma tena. Kwenye lami hakuna pa kuzama. Raba inayogusa imekuwa kidogo, kashata ni ndefu na zinayumba gari linapokata kona au kufunga breki, na zina mipasuo midogo michache. Mipasuo hiyo myembamba juu ya kashata ndiyo inayokatakata utando wa maji ili raba ifikie lami. Ni kama kukimbia na njumu za mpira kwenye sakafu ya vigae iliyomwagiwa maji. Gari litasimama mbali zaidi, na litaanza kuteleza mapema zaidi kwenye kona.

Hapa kuna dhana moja ninayoisikia karibu kila wiki: "gari langu ni foo wili, breki zake hazina shida". Foo wili hugawa nguvu ya injini kwenye magurudumu manne ili gari liondoke na lipande. Kwenye kusimama haikusaidii chochote, kwa sababu kila gari, hata kile kigari kidogo cha jirani yako, linafunga breki kwa magurudumu manne. Prado ni nzito zaidi na imesimama juu zaidi. Inahitaji tairi zuri la lami kuliko kigari kile.

Na lami yetu ina tabia zake. Barabara ile ya kwenda Mbeya hubeba malori ya Tunduma usiku na mchana, na pale yanapopita kila siku lami hubonyea ikawa na mikondo miwili mirefu. Mvua ikinyesha mikondo hiyo hujaa maji, nawe unapita humohumo. Mifereji ya tairi isipoweza kuyatoa maji hayo kwa haraka, tairi hupanda juu yake na kuelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, na breki hazina cha kushika. Watafiti wa NASA waliolichunguza jambo hili kwa matairi ya ndege miaka ya 1960 walipata kanuni rahisi: kadiri upepo wa tairi ulivyo mdogo, ndivyo linavyoanza kuelea kwa mwendo mdogo. Kwa maji yaliyozidi kina cha mifereji, au kwa tairi lililokwisha kashata, psi 30 inakupa takriban kilomita 90 kwa saa. Psi 20 inakupa kama 75 tu. Zikumbuke namba hizi mbili, nitazihitaji tena nikifika kwenye upepo.

Simaanishi kwamba MT ni tairi baya. Ningekuwa namjibu mtu anayebeba mbao kutoka shambani kila siku, au mganga wa kijiji anayezungukia zahanati masika yote, ningemwambia afunge MT na aendeshe polepole akifika lami. Wewe si huyo. Na hata MT si dawa ya kila tope. Udongo mwekundu wa nyanda za juu ukilowa hunata na kuziba mapengo, na dereva asiyejua kuuendea atakwama na tairi lolote. Tazama malori ya Mufindi na Njombe wakati wa mvua: madereva wanafunga minyororo. Wanajua wanachokifanya.

Basi kati ya HT na AT? HT ni tairi la barabara kuu: kimya, linakanyaga vizuri kwenye maji, linadumu. AT ni la kati: lina mapengo makubwa kiasi na mabega yenye meno, lakini bado lina raba ya kutosha chini. Wengi wa wateja wa mjini nawashauri HT bila kusita. Kwako nimesogea hadi AT kwa sababu safari zako mbili zote zinaangukia mvua, na AT pia huwa na ubavu unaovumilia kokoto zaidi. Ila usinunue kwa herufi. Kuna AT ambazo ukizitazama ni MT zilizobadilishwa jina. Liinamie tairi dukani, lipapase: unataka kashata zilizokaa karibukaribu katikati, mifereji inayozunguka tairi bila kukatika, na mipasuo midogo mingi kwenye kila kashata. Muuzaji akikuambia yote ni sawa, nenda duka la pili.

Kuna kitu kingine cha kutazama kwenye ubavu. Baada ya 265/65R17 utaona namba na herufi, mara nyingi 112S au 112T. Namba 112 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 1,120. S ni mwendo wa hadi kilomita 180 kwa saa, T ni 190. Usikubali namba iliyo chini ya ile ya matairi ya kiwandani, hasa kwa familia ya watu saba. Ukiona saizi inaanza na LT, hilo ni tairi la kazi, lenye ubavu mgumu zaidi. Ni zuri kwenye mawe, lakini linahitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba mzigo uleule, kwa hiyo kile kibandiko cha upepo kilichopo mlangoni hakilihusu tena moja kwa moja. Kwa matumizi yako huna haja nalo.

Sasa saizi. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 285/70R17 lina kama 831, yaani limezidi kwa asilimia 7. Kila spidomita yako ikisoma 50, wewe unakwenda 53 na nusu, na askari mwenye tochi pale Mikumi hatasikiliza habari za saizi. Hilo ndilo dogo. Injini sasa inasukuma gurudumu kubwa na zito zaidi kwa gia zilezile, kwa hiyo mafuta yanaongezeka, gari linakuwa zito kupanda Kitonga, na breki zilezile zinazuia uzito ulio mbali zaidi na kitovu unaporudi kuteremka. Ukikata usukani wote tairi linaweza kusugua ndani ya banda lake. Kimo unachopata ni nusu tu ya tofauti ya kipenyo, sentimita mbili na pointi saba. Upana nao hausaidii kama watu wanavyodhani: kwenye tope jepesi lililolala juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hulikata na kufika chini, ilhali pana huelea juu yake.

Rafiki yako wa matairi mawili ana nia njema ya kukuokolea fedha, lakini Prado yako ni foo wili ya wakati wote. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yameunganishwa kupitia difu ya katikati, gia zinazoruhusu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Weka mapya yenye kashata za milimita 10 mbele, uache ya nyuma yenye milimita 3: kipenyo kimetofautiana kwa milimita 14. Kila kilomita, ya nyuma yatazunguka kama mara saba zaidi ya yale ya mbele. Hadi Njombe ni tofauti ya mizunguko zaidi ya elfu tano, na difu ile ndiyo inayoimeza yote, bila kupumzika. Kwa gari dogo linalosukumwa na magurudumu mawili tu, ambalo mwenyewe kweli hana uwezo wa manne, mapya huwekwa nyuma, si mbele kama tulivyozoea. Ya mbele yakiteleza, gari linakwenda mbele na dereva analihisi kwenye usukani. Ya nyuma yakiteleza gari linageuka, na wachache wanaweza kulirudisha.

Umesema gari lilitoka Japani mwaka jana, na hili naomba ulifanye leo kabla ya yote. Je, matairi uliyonayo ndiyo yaliyokuja nalo? Toka nje ukasome ubavuni. Ukiona neno STUDLESS, hayo ni matairi ya theluji. Magari ya Japani hufika hapa nayo mara nyingi tu, na kwa macho yanapendeza: kashata nyingi, mipasuo mingi. Raba yake imetengenezwa iwe laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Dar ya mchana inakuwa laini kupita kiasi, inalika upesi, na gari linayumba ukikwepa kitu ghafla. Kama ndiyo hayo, usiende nayo Njombe hata kama kashata zimejaa.

Halafu tafuta herufi DOT, ufuate mpaka mwisho wake ambapo kuna namba nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hizo wakati mwingine ziko upande wa ndani tu, itabidi uchutame na tochi ya simu. Raba huzeeka hata likiwa limekaa dukani. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kizime mashine zake, karibu kila tairi tunalonunua limesafiri baharini na kulala maghalani, kwa hiyo usilipie bei ya jipya kwa tairi lenye miaka minne. Likishapita miaka sita likaguliwe na mtu anayejua kila mwaka, na likifika kumi litoke, liwe na kashata au lisiwe nazo. Tairi la spea la Prado yako linaning'inia mlango wa nyuma juani miaka yote. Nina wasiwasi nalo kuliko yale manne.

Kama bajeti inakusukuma kwenye matairi ya mtumba, jihadhari na yale yaliyochongwa. Wapo wanaochukua kipara, wakachonga mifereji upya kwa kisu cha moto, wakapaka rangi nyeusi. Mfereji unaonekana wa kina, kumbe umeingia kwenye raba inayofunika waya. Ndani ya mifereji halali kuna vijiti vidogo vya raba vinavyoonyesha kikomo cha milimita 1.6, na ubavuni huwa pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Ukikuta mfereji umeshuka chini kuliko vijiti hivyo, hilo limechongwa. Na usisubiri ufike 1.6 wewe mwenyewe. Kwa safari za mvua, milimita 3 zinatosha kukufanya ubadilishe.

Upepo ndio unaoharibu kazi yote niliyoieleza hapo juu. Soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, upime asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo cha juu, si cha kujazia, na ile "weka arobaini bosi" ya vituoni haina msingi. Upepo pungufu ni hatari zaidi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, kujikunja kunaleta joto, na joto hulegeza gundi kati ya kashata na waya mpaka ganda lote la juu linabanduka kwenye mwendo. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, gari la juu la familia lililotumika barabarani kama la kwako. Matairi yalikuwa yakibanduka kwenye mwendo wa kasi, na vifo vilivyohusishwa nayo vilipita 200. Kasoro ya matairi yenyewe ilikuwepo, lakini joto, mzigo, na upepo wa psi 26 uliopendekezwa kwa gari lile vyote viliingia kwenye mjadala. Wewe utakuwa na watu saba, mizigo juu, na jua la Ruaha Mbuyuni.

Kwenye zile kilomita 20 mambo yanageuka, na hapo upepo mdogo ni rafiki yako. Ukiacha lami na kukuta udongo umelowa, shusha hadi psi 22 au 24, tairi litanyooka na kukanyaga eneo refu zaidi. Funga difu ya katikati, ili ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja. Wengi wanaokwama na Prado hawajaigusa kabisa, kwa hiyo gurudumu moja linapokosa pa kushika wanazidisha mafuta na kujichimbia shimo. Kitabu cha gari kitakuonyesha namna ya kuifunga. Tope likizidi, funga minyororo kabla hujakwama, si baada. Kwa Prado kwa kawaida hukaa magurudumu ya nyuma. Jifunze kuifunga uani kwako Goba, mchana, mikono ikiwa mikavu. Ukirudi lami, vua minyororo, fungua difu, na ujaze upepo hapohapo kwa ile pampu ndogo. Usiseme utajaza Makambako. Rudi kwenye zile namba: psi 20 na ushee, mvua, mikondo ya malori, mwendo wa 80.

Mambo mengine siwezi kuyaona kwa maandishi. Ukiona uvimbe ubavuni, usiliendeshe tairi hilo, badilisha ulipo. Usukani ukitetemeka kati ya 80 na 110, au gari likivuta upande mmoja, au kashata zikilika ndani kuliko nje, peleka kwenye duka lenye mashine ya alaimenti na balansi, waikague na miguu ya mbele pia. Matairi mapya juu ya miguu iliyolegea yatakwisha kabla ya Pasaka. Pancha ya katikati izibwe kwa kulivua tairi na kubandika kiraka ndani. Ya ubavuni haizibwi na yeyote. Na kama tayari umeshampa fundi fedha za 285, kabla ya kufunga mwombe ajaribu tairi moja mbele, akate usukani wote kushoto na kulia gari likiwa na mzigo, muone pamoja.

Fanya kazi hii wiki mbili tatu kabla ya safari, si usiku wa tarehe 22. Matairi mapya yanateleza kidogo mpaka yapate kilomita 200 au 300 za mjini, na nati za magurudumu zinatakiwa kukazwa tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Hilo lifanye hata kama mwenye duka amekuambia amezikaza vya kutosha.